Nani Alisema, na Alimwambia Nani? Historia ya Kasongo kama Shule ya Kuchambua Maneno



Kila mwaka, wakati wa kutoa TFC na memwari ukikaribia, tunaona shida ileile. Mwanafunzi amezunguka vijijini wiki tatu, amerekodi wazee kumi na wawili kwa simu yake, daftari limejaa. Kiisha anafika kwenye sura ya matokeo na anakwama. Kama angekuwa na namba angezijumlisha, angetafuta asilimia, angechora jedwali, kazi imekwisha. Lakini maneno ya mzee yanajumlishwa namna gani? Basi wengi wetu tunafanya njia ya mkato. Tunachukua maneno yanayokubaliana na mawazo tuliyokuwa nayo toka mwanzo, tunayatia alama za kunukuu, na juu yake tunaandika "wengi wa waliohojiwa walisema". Direktere anasoma, anauliza ulizo moja tu: wengi ni wangapi, tena ni akina nani? Tunanyamaza.

Mimi pia nilinyamaza siku yangu. Ndiyo maana leo nataka tuongee juu ya njia za kuchambua data za maneno. Sitaanza na vitabu vya metodolojia. Nitaanza na historia yetu wenyewe ya Nyangwe, Kasongo na Kabambare, kwa sababu mambo yaliyopita hapa yaliandikwa na kusimuliwa na watu wengi, kila mmoja na kusudi lake. Ukiweza kusoma maneno yao vizuri, utaweza kusoma mahojiano yako pia.

Kasongo ya namba na Kasongo ya maneno

Watu wa afya ya jamii wanaijua Kasongo kwa namba. Miaka ya 1970 Taasisi ya Tiba ya Nchi za Joto ya Antwerp ilifanya kazi hapa katika ile inayoitwa Projet Kasongo, na mwaka 1981 jarida la The Lancet lilitoa makala ya kikosi hicho kuhusu chanjo ya surua na uhai wa watoto wa miezi 7 hadi 35. Ni kazi ya hesabu, na mpaka leo wataalamu wanaitaja.

Hesabu ile inakuonyesha watoto wangapi walibaki hai. Peke yake haiwezi kukuambia mama mmoja wa hapa aliuelewa ule ugonjwa namna gani, alimwamini nani, na juu ya nini mwingine alimleta mtoto wake na mwingine akakataa. Kwa maulizo ya namna hiyo lazima usikilize watu wakiongea. Tena ukishasikiliza, kazi ndipo inaanza, kwa kuwa maneno hayajielezi yenyewe.

Nyangwe: maneno haya ni ya siku gani?

Daktari David Livingstone alikaa Kabambare, ambayo yeye aliiandika Bambarre, tangu Julai 1870 hadi Februari 1871, mgonjwa, miguu ina vidonda. Karatasi na wino vilimwishia. Akaanza kuandika juu ya magazeti ya zamani, kwa wino wa maji ya mmea, mistari yake ikipita juu ya maandishi ya chapa. Mwisho wa Machi 1871 akafika Nyangwe, kando ya Lualaba, ndani ya teritwari yetu ya leo.

Tarehe 15 Julai alikuwa sokoni. Soko la Nyangwe lilikuwa kubwa, na wauzaji wengi walikuwa wanawake waliovuka mto na bidhaa zao. Siku ile aliona watu wenye bunduki wakigombania bei ya kuku. Muda mfupi baadaye risasi zikaanza. Watu wakakimbilia mitumbwi, wengi wakafa majini. Hesabu aliyoiandika, akisema ni ya Waarabu wenyewe, ilikuwa kati ya watu 330 na 400. Habari hiyo ilipofika Uingereza iliongeza hasira juu ya biashara ya watumwa, na mwaka 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar akatia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa.

Sasa angalia safari ya maneno yenyewe. Livingstone aliyanakili baadaye kwenye daftari kubwa, akibadilisha hapa na pale. Alipokufa mwaka 1873, rafiki yake Horace Waller akatengeneza kitabu, akisaidiwa na Chuma na Susi, watu wa msafara wa Livingstone. Kitabu kikatoka London mwaka 1874, na kwa zaidi ya miaka 130 dunia iliijua ile siku ya Nyangwe kupitia kitabu hicho. Makaratasi ya kwanza yalikuwa yamefifia mpaka hayasomeki. Mwaka 2011 kikosi kilichoongozwa na Adrian Wisnicki kikatoa kazi ya kuyapiga picha kwa mianga ya namna nyingi, hata ile isiyoonekana kwa macho, na maneno yakatoka tena. Walipolinganisha, wakakuta kwamba maandiko ya siku zile hayafanani kabisa na yale ya kitabu. Tofauti nyingine zinagusa mwenendo wa watu wa msafara wa Livingstone mwenyewe, mpaka wachunguzi wakauliza kama baadhi yao walikuwa na mkono katika yale mauaji.

Hili si jambo la Wazungu na makaratasi yao tu. Fikiria mahojiano yako. Sauti iliyo ndani ya simu ni maneno ya kwanza. Ulipoyaandika kwenye daftari, hiyo ni nakala ya kwanza. Ulipoyatafsiri kwa Kifaransa kwa ajili ya TFC, hiyo ni ya pili. Ulipoyafupisha kwa mistari miwili, hiyo ni ya tatu. Kila nakala imepoteza kitu.

Chukua neno moja tu. Mzee anaongea juu ya mtu aliyeishi kwenye nyumba ya mkubwa fulani zamani. Kwa Kifaransa utaandika "esclave" bila kufikiri. Lakini yeye alisema nini? Alisema mtumwa? Alisema mateka? Alisema mtu wa nyumba? Mateka alikamatwa vitani na anaweza kukombolewa na ndugu zake. Mtu wa nyumba anaweza kuwa ameoa humo na kuzaa humo. Ukiwaweka wote chini ya neno moja la Kifaransa, umeshachambua kabla ya kuchambua, tena umechambua vibaya. Kwa hiyo usifute sauti, chambua kwa lugha aliyoongea mtu, na Kifaransa kije mwishoni.

Kasongo 1893: kinachosemwa, na kinachonyamaziwa

Tarehe 22 Aprili 1893 jeshi la Bulamatari likiongozwa na Francis Dhanis liliingia Kasongo, mji wa Sefu, mtoto wa Tippu Tip. Pamoja nao alikuwapo daktari Mwingereza, Sidney Hinde, ambaye mwaka 1897 alitoa kitabu juu ya vita vile. Hinde anaonyesha mji wa utajiri: magodoro ya hariri, vitanda vya kuchongwa, vyombo vya fedha na vya kioo, maghala yaliyojaa, mashamba makubwa ya mchele, miwa na matunda.

Tukichukua njia ya uchambuzi wa maudhui, ile ambayo wengi wetu tumeisoma kwa Laurence Bardin na kitabu chake cha 1977, tutagawa maneno ya Hinde katika vipande. Kila kipande kitapata alama: nyumba, chakula, vyombo, mashamba. Kiisha tutahesabu. Matokeo yatasema kwamba Kasongo ilikuwa tajiri, na ni kweli. Njia hii ni nzuri kwa kupata picha ya haraka ya data nyingi, na inakuzuia kuchagua yale tu yanayokupendeza, kwa sababu unalazimika kutia alama kila kipande, hata kile kinachokuudhi.

Lakini rudi kwenye alama ya mashamba, uulize nani alilima. Maghala yalijazwa na mikono ya nani? Orodha ya vitu ni ndefu. Mikono haionekani vile. Tena kumbuka msemaji: ni mtu wa upande ulioshinda, anawaelezea wasomaji wa kwao mji ambao jeshi lake limeuchukua. Kadiri mji unavyokuwa tajiri, ndivyo ushindi unavyoonekana mkubwa. Kwa hiyo ukimaliza kuhesabu yaliyosemwa, fungua ukurasa mwingine uandike yaliyonyamaziwa. Kimya hakina alama kwenye jedwali, lakini ni data.

Tippu Tip: hadithi inafanya kazi gani?

Hamed bin Muhammed el Murjebi, yule tunayemwita Tippu Tip, alipokuwa mzee Zanzibar aliandika habari za maisha yake kwa Kiswahili, na Mjerumani Heinrich Brode akazitoa mwaka 1902 na 1903. Wakubwa wengi wa Afrika wa wakati ule tunawajua kwa midomo ya wageni tu. Huyu anaongea mwenyewe, tena kwa lugha yetu.

Ndani yake kuna kisa kinachotugusa moja kwa moja. Anaeleza namna alivyopata utawala Utetela, kwa chifu Kasongo Rushie. Alikuwa amesikia habari za mwanamke wa ukoo ule aliyechukuliwa zamani. Akamwambia chifu kwamba yule mwanamke ndiye aliyezaa upande wa mama yake, kwa hiyo yeye si mgeni, ni mtoto wa nyumba. Mzee chifu akampokea, akampa madaraka.

Mchambuzi wa haraka atauliza kama ni kweli au ni uongo, na akiishia hapo amepoteza sehemu tamu kabisa. Uchambuzi wa masimulizi unauliza mambo mengine. Hadithi inaanza wapi, inageuka wapi, inaishia wapi? Nani anapewa jina na nani anakosa? Msimuliaji anajionyesha kuwa mtu wa namna gani, na mbele ya nani?

Ukiuliza hivyo utaona kwamba undugu ndio uliokuwa mlango wa utawala. Bunduki alikuwa nazo, lakini alihitaji hadithi ya damu moja ili akae bila vita ya kila siku. Na utaona pia kwamba miaka mingi baadaye, mzee anasimulia kisa hiki kama ujanja wa mfanyabiashara hodari, anajisifu mbele ya wasomaji wake. Wabebaji na mateka wanapita ndani ya masimulizi karibu wote bila majina. Kwa hiyo kisa kimoja kinatufundisha mambo mawili: namna watu wa kule walivyofikiri juu ya ukoo, na namna mkubwa mmoja alivyotaka kukumbukwa.

Wangwana na "arabisés": nani ametoa jina?

Sasa tufike kwenye jambo linalouma mpaka leo, maana linagusa majina ya watu.

Pwani, mwungwana ni mtu huru, asiye mtumwa. Jina lile lilipofika Maniema pamoja na misafara, likapanuka. Watu wa hapa walioingia katika maisha yale ya mavazi, dini, biashara na lugha wakaitwa Wangwana, hata baadhi ya wale walioletwa kama mateka. Lugha yetu ikaitwa Kingwana. Baadaye Wabelgiji, ambao waliushuku Uislamu, wakawaweka watu hao kwenye makaratasi ya Leta kwa jina la "arabisés", maana yake walioarabishwa.

Angalia tofauti. Mtu akisema "mimi ni Mungwana" anajiinua: niko huru, nina ustaarabu. Afisa akiandika "arabisé" anamtoa mtu yule kwenye mizizi yake, kana kwamba si wa hapa tena. Huenda ni mtu mmoja, wa kijiji kimoja. Majina hayo mawili hayana maana moja, na uchambuzi wa lugha ya madaraka kazi yake ni hiyo: kuuliza jina limetoka kwa nani, linamfungulia nani mlango, na linamfungia nani.

Wamarekani Barney Glaser na Anselm Strauss walipotoa kitabu chao mwaka 1967 walishauri jambo linalosaidia hapa: usije na masanduku tayari, ukawatia watu ndani. Anza na maneno yao, linganisha kipande na kipande, uache masanduku yatoke kwenye data. Mwanafunzi wa Kasongo anayefika kijijini na fomu iliyoandikwa "autochtones" na "arabisés" ameshachukua macho ya afisa wa zamani. Afadhali aulize: ninyi mnajiitaje? Na majirani wenu wanawaitaje? Mara nyingi majibu ya maulizo hayo mawili hayatalingana, na hapo ndipo memwari yako inaanza kuwa na kitu cha kusema.

Mzee mmoja, maneno mawili

Nilisema nilinyamaza siku yangu. Ilikuwa hivi. Katika mahojiano yangu mzee mmoja aliniambia, mbele ya watoto na wajukuu zake, kwamba babu zao walikuja na Waarabu kama watu wa biashara. Nikaandika. Siku mbili baadaye nilirudi kumshukuru, tukabaki wawili. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba babu wa baba yake alikamatwa akiwa mtoto, na jina la ukoo wanaolibeba leo ni la yule aliyemkamata.

Mimi nilifanya nini? Nilitupa maneno ya pili. Niliona yanaharibu jedwali langu. Nikaandika tu kwamba "baadhi ya majibu yalipingana". Direktere aliponiuliza yalipinganaje, sikuwa na jibu la kumpa.

Leo naona kwamba ule mkingamo ndio ulikuwa matokeo makubwa ya kazi yangu yote. Mzee hakudanganya mara ya kwanza. Alikuwa analinda heshima ya nyumba yake mbele ya watu ambao kesho wataolewa, watagombania shamba, watasimama mbele ya chifu. Mara ya pili alimwambia mtu mmoja jambo ambalo hakutaka life pamoja naye. Jan Vansina, aliyefanya utafiti kwa Wakuba miaka ya 1950 na kutoa kitabu chake juu ya mapokeo ya mdomo mwaka 1961, aliwafundisha wanahistoria kwamba neno la mzee lina mnyororo: nani alilipokea kwa nani, linasemwa wakati gani, mbele ya nani, kwa faida ya nani. Mimi nilikuwa na mnyororo mkononi, nikaukata.

Baadaye nilirudi kwake kuuliza kama naweza kuandika. Akasema: "Andika, lakini jina langu libaki kwako." Ndiyo maana hapa simtaji jina wala kijiji. Hiyo nayo ni sehemu ya uchambuzi. Kwetu huku, neno juu ya nani alitangulia na nani alifuata linaweza kufika kwenye kesi ya ardhi au ya uchifu. Maneno ya mzee yakishapata chapa na muhuri wa chuo, mtu anaweza kuyabeba kama ushahidi dhidi ya nyumba yake mwenyewe.

Katika miaka hii ya karibuni wachunguzi wa akiolojia na historia wamefika Kasongo, Noémie Arazi pamoja na wenzake, Wakongomani wakiwemo, na mwaka 2020 walitoa makala katika jarida la Antiquity wakiunganisha mabaki ya ardhini na kumbukumbu za watu juu ya wakati wa Waarabu na Waswahili. Njia hiyo ni nzuri kwetu: kigae, karatasi na sauti ya mzee vikae meza moja, kila kimoja kiulize kingine.

Kwa yule anayeanza kesho

Ndugu, dada, kama una rekodi kwenye simu na huna pa kuanzia, fanya hivi. Kwanza, sikiliza zote tena kabla ya kutia alama yoyote. Pili, juu ya kila mahojiano andika nani aliongea, nani alikuwapo, saa ngapi, na wewe ulijitambulisha namna gani, maana hata wewe ni sehemu ya jibu. Tatu, tia alama kwa maneno yao, kwa lugha yao. Nne, chagua njia kwa kufuata ulizo lako. Ukitaka kujua nini kinasemwa, chukua maudhui au mada. Ukitaka kujua mtu anajengaje maisha yake kwa maneno, chukua masimulizi. Ukitaka kujua nguvu iliyo ndani ya majina, chukua lugha ya madaraka. Ukiwa hujui utafute nini, jenga kutoka chini. Tano, tenga karatasi moja ya mikingamo na vimya, usiitupe hata kidogo. Mwisho, kabla ya kuandika nukuu, jiulize itafika wapi.

Programu za kompyuta zipo, na ukipata moja si vibaya. Zitakusaidia kupanga vipande. Hazitajua kwamba mzee alishusha sauti.

Wale wanawake waliovuka mto kwenda soko la Nyangwe tarehe 15 Julai 1871 hawakuulizwa na mtu, na hawakuacha karatasi. Lakini wajukuu wa wajukuu wao wako hapa Kasongo na Kabambare, wengine tunakaa nao avenie moja. Wewe uliye na simu mkononi ndiwe unaweza kuwasikiliza. Ukifika kwao, andika pia nani alisema, na alimwambia nani.